Sifa, Kusifu na Misifa: Maana na Matumizi ya Neno Moja katika Kiswahili cha Tanga na Pwani ya Kaskazini ya Tanzania

1.0 Utangulizi

Sentensi ifuatayo ni fupi, na kila neno lililomo linafahamika hata kwa mtoto wa shule ya msingi:

(1) Sifa za Hamisi zimezidi.

Hata hivyo, msikilizaji wa Tanga hawezi kuifasiri kwa hakika kabla hajajua ni nani aliyeisema na aliisema wapi. Ikisemwa na mjumbe wa kamati ya ajira, maana yake ni kwamba Hamisi ana elimu na uzoefu kuliko inavyotakiwa. Ikisemwa na mgeni aliyechoshwa na hotuba katika karamu ya kumuaga Hamisi kazini, maana yake ni kwamba wasemaji wamempamba mno. Ikisemwa barazani na jirani aliyebetua midomo, maana yake ni kwamba Hamisi anapenda kujionyesha. Maana ya kwanza haimsifu wala haimlaumu mtu. Ya pili inahusu maneno mema yanayosemwa na wengine juu yake. Ya tatu ni lawama tupu. Neno ni lile lile, na umbo la sentensi halikubadilika.

Kamusi kwa desturi huzitaja maana za namna hii kwa nambari chini ya kidahizo kimoja, kana kwamba ni vitu vilivyowekwa kando kando ghalani. Utaratibu huo unamfaa msomaji mwenye haraka, lakini unaficha mambo mawili. Kwanza, unaficha kwamba nomino *sifa* na kitenzi *-sifu* hazikwenda pamoja katika safari yao ya kimaana. Pili, unaficha kwamba wazungumzaji wa pwani wana njia za kisarufi, zilizo wazi kabisa, za kuzitenga maana hizo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maana ya msingi ya *sifa* katika Kiswahili cha pwani ya kaskazini ni ‘kile ambacho kitu hutambulikana nacho’, na kwamba maana ya ‘maneno mema’ imejengwa juu ya msingi huo bila kuubomoa. Suala hili si la wanaleksikografia peke yao. Si ajabu kumwona mwanafunzi aliyeulizwa sifa za mhusika mwovu katika riwaya akisita, kwa kudhani kwamba ametakiwa amsifu. Na si ajabu kwa Mwislamu na Mkristo wa mtaa mmoja wa Tanga kutamka maneno *sifa za Mungu* huku kila mmoja akikusudia jambo lake.

2.0 Asili na Umbo

Neno *sifa* limetokana na Kiarabu, na mzizi wake una konsonanti tatu: w, s (ile nzito) na f. Katika lugha hiyo kitenzi *wasafa* ni ‘kueleza jinsi kitu kilivyo’; nomino *wasf* ni maelezo yenyewe; na *sifa* ni hali au tabia inayoelezwa. Wanasarufi wa Kiarabu walilitumia neno hilo hilo *sifa* kwa aina ya maneno ambayo leo katika Kiswahili huitwa vivumishi. Mwarabu anayetaka kusema ‘kusifu’ ana vitenzi vingine, hususan vya mizizi ya *hamd*, *madh* na *thanaa*. Hivyo basi, mtu aliyelichukua neno *sifa* kutoka kwa Waarabu hakupewa neno la kusifia. Alipewa neno la kuelezea.

Jambo la kuzingatia ni umbo la kitenzi. Vitenzi vingi vya Kiswahili vilivyotokana na mizizi ya Kiarabu inayoanza na w vimeihifadhi konsonanti hiyo: *-wasili*, *-wakifu*, *-wajibika*, *-wakilisha*. Kitenzi *-sifu* hakina w. Maelezo mawili yanawezekana. La kwanza ni kwamba kitenzi kilichukuliwa kutoka katika wakati usiotimilifu wa Kiarabu, ambamo w hudondoshwa na kubaki *yasifu*. La pili ni kwamba Waswahili waliichukua nomino *sifa* kwanza, kisha wakaunda kitenzi kwa kubadili irabu ya mwisho, kama ilivyo katika jozi *ruhusa* na *-ruhusu*, *sala* na *-sali*, *dhamana* na *-dhamini*. Irabu -u haileti tatizo, kwani vitenzi vya mkopo ambavyo konsonanti yake ya mwisho ni ya midomo aghalabu huishia na -u: *-hesabu*, *-jaribu*, *-hukumu*, *-arifu*, *-kashifu*. Maelezo ya pili yana nguvu zaidi, kwa sababu yanaeleza pia tofauti ya maana. Kitenzi kilichozaliwa nyumbani kutokana na nomino kina uhuru wa kwenda upande wake. Kitenzi kilichokuja kutoka ng’ambo kikiwa na maana yake kamili hakina sababu ya kuiacha mlangoni.

Wala w haikupotea moja kwa moja. Imebaki katika nomino *wasifu*, ‘maelezo ya maisha na hali ya mtu’, na katika kitenzi *-wasifu*, ‘kueleza’, ambacho ni cha ushairi na maandishi zaidi kuliko cha mazungumzo. Kitenzi hicho kimedhoofika pengine kwa sababu ya mgongano wa maumbo: *kuwasifu* husikika mara moja kuwa ni ku-wa-sifu, yaani kuwasifu watu, na masikio ya Mbantu hayana subira ya kutafuta mzizi wa Kiarabu mahali ambapo kiambishi cha mtendwa kinatosha.

Mabadiliko kutoka ‘kueleza’ hadi ‘kusifu’ si ya Kiswahili pekee. Katika Kihindi na Kiurdu, *tarif*, ambalo kwa Kiarabu ni ‘kufahamisha, kubainisha maana’, limekuwa neno la kawaida la sifa njema. Katika Kipunjabi neno *sifat* lenyewe hutumika kwa maana ya kumsifu Mungu. Kwa upande mwingine, Kimalei kililichukua neno hilo hilo na kulibakisha palepale: *sifat* ni hali au tabia, na katika Kiindonesia kivumishi huitwa *kata sifat*. Kiswahili kimesimama katikati ya jirani zake hawa wa Bahari ya Hindi, kwa kuwa nomino yake imekwenda na Kimalei na kitenzi chake kimekwenda na Kipunjabi.

Mfano wa karibu zaidi umo ndani ya Kiswahili chenyewe. Kiarabu *kashafa* ni ‘kufunua’, neno lisilo na ubaya wala uzuri. Kiswahili kimeligeuza kuwa *-kashifu*, ‘kumvunjia mtu heshima kwa kutangaza aibu yake’, pamoja na nomino *kashfa*. Kwa hiyo lugha ilichukua maneno mawili ya kudhihirisha mambo, moja la kueleza na moja la kufunua, ikalipa la kwanza kazi ya kutangaza mema na la pili kazi ya kutangaza maovu. Inaelekea kwamba katika jamii ya pwani, ambamo jina la mtu ni mali yake, kusema habari za mtu hadharani bila kumjenga au kumbomoa ni jambo gumu.

Itajwe kwa kupita tu kwamba *sifa* ya mafuta ya samaki, hasa ya maini ya papa, ambayo mafundi wa majahazi hupaka mbao za vyombo, ni neno jingine, na kamusi hulitenga ipasavyo. Utani wa mabaharia juu ya kupakwa sifa hautoshi kuyafanya maneno haya mawili kuwa ndugu.

3.0 Nomino na Kitenzi: Vipimo vya Kisarufi

Kipimo cha kwanza ni uwezo wa kuchukua neno la ubaya.

(2) Ana sifa mbaya.
(3) *Walimsifu vibaya. (kwa maana ya kutaja maovu yake)
(4) Kijiji kile kimesifika kwa uchawi.

Sentensi ya (2) ni ya kawaida kabisa. Ya (3) haikubaliki kwa maana iliyokusudiwa. Ikiwa na maana yoyote, ni kwamba kazi ya kusifu ilifanywa ovyo. Ya (4) inakubalika, ingawa wapo wanaotabasamu wanapoisikia. Kwa hiyo kitenzi katika hali ya kutenda kimefungwa upande wa wema, nomino iko huru, na kauli ya kutendeka imerejea karibu na nomino: *-sifika* ni kujulikana kwa jambo fulani, liwe zuri au baya. Sababu yake si ngumu kuiona. Kauli ya kutendeka humwondoa mtenda, na akishaondoka yule anayesifu, huondoka pia nia yake njema. Kinachobaki ni ile hali ya kutambulikana.

Kipimo cha pili ni idadi. *Sifa* ya kutambulisha huhesabika: nomino ina sifa tatu, mbegu hii ina sifa mbili za kuitenga na ile. *Sifa* ya maneno mema haihesabiki ila kwa *nyingi*, *tele*, *kemkem*. Mtu akisema *alimpa sifa tatu*, msikilizaji atasubiri kuambiwa ni zipi, na hapo tayari ameshazichukulia kuwa ni tabia zilizotajwa.

Kipimo cha tatu, ambacho ndicho kinachofaa zaidi, ni kitenzi kinachoandamana na nomino. Mtu *huwa na* sifa, *hutimiza* sifa, *hukosa* sifa au *hupoteza* sifa: hapa ni maana ya kutambulisha. Mtu *hupewa*, *humwagiwa* au *huimbiwa* sifa: hapa ni maneno mema. Mtu *hutaka*, *hutafuta* au *hupenda* sifa: hapa ni lawama. Lugha ya sheria na ofisi imeshika mlango wa kwanza bila kutetereka. Ibara ya 39 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inahusu sifa za mtu kuchaguliwa kuwa Rais, na miongoni mwake ni uraia wa kuzaliwa na umri wa miaka 40. Hakuna asomaye hapo akadhani kwamba Katiba inamsifu mtu kwa kutimiza miaka 40. Hali kadhalika, tangazo la kazi linapotaja sifa za mwombaji linaweka masharti, na aliyekosa sifa hakukosa wa kumsifu.

Kuhusu kauli ya kutendea, yaani *-sifia*, kuna jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili. Vitenzi vya mkopo vinavyoishia na -u huunda kauli ya kutendwa kwa -iwa: *-hukumu* huzaa *-hukumiwa*, na *-hesabu* huzaa *-hesabiwa*. Kauli ya kutendea, *-hukumia* na *-hesabia*, inapoingizwa katika kutendwa nayo hutoa umbo lile lile. Basi *-sifiwa* ni kutendwa kwa *-sifu* na pia ni kutendwa kwa *-sifia*. Methali mashuhuri ya pwani ya minazi inaonyesha matokeo yake:

(5) Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Pahala pa kituo hapajulikani kwa maandishi, na wasemaji huigawa kwa namna mbili. Wapo wanaosema *mgema akisifiwa, tembo hulitia maji*. Hapa anayesifiwa ni mtu, na *tembo* ni yambwa iliyotangulizwa, ikarejelewa na kiambishi -li- katika kitenzi. Wapo wanaosema *mgema akisifiwa tembo, hulitia maji*; hapa mgema amesifiwa kwa ajili ya tembo lake, na *-sifiwa* imetokana na *-sifia* yenye yambwa mbili. Migao yote miwili ni sahihi kisarufi. Tofauti ya maana ni ndogo, lakini haifai kupuuzwa: katika mgao wa kwanza kinachomharibu mgema ni kujiona yeye, katika wa pili ni kujua kwamba bidhaa imeshapata jina na wateja watakuja hata ikipunguzwa ukali. Mfanyabiashara wa soko lolote angeuelewa mgao wa pili upesi zaidi.

Mlingano huu wa maumbo unaeleza pia kwa nini *-sifia* inazidi kuchukua nafasi ya *-sifu* katika mazungumzo. Mzungumzaji anayesikia *amesifiwa* mara nyingi anaweza kurudi nyuma na kuunda *wamemsifia*, bila kuwapo jambo lolote la ziada la kusifiwa. Wazee wa pwani bado husikia tofauti: *kumsifu mtu* ni kumtaja kwa wema, *kumsifia mtu* pasipo kutaja kitu ni kukaa juu ya jambo hilo, kulirudia, na pengine kumtafutia mtu mema asiyokuwa nayo. Kwa vijana tofauti hiyo inafifia, na haitarajiwi kurudi.

Methali ya pili inastahili kuwekwa kando ya ile ya mgema: *asifuye mvua imemnyea*. Katika hiyo kusifu si kupamba. Ni kutoa ushahidi wa mtu aliyefikwa na jambo. Asiyenyeshewa hana la kusema. Maana kongwe ya kueleza jinsi kitu kilivyo inasikika humo kuliko mahali pengine popote ambapo kitenzi hiki kinatumika leo.

4.0 Chuoni na Kanisani

Pwani ya Tanga ni mahali pazuri pa kuzichunguza maana hizi kwa sababu taasisi mbili zenye mapokeo tofauti ya maandishi zimekaa humo karibu karibu kwa zaidi ya karne moja: vyuo na madrasa za Kiislamu za Tanga mjini, Pangani na vijiji vya Mtang’ata, na shule za misheni ya Magila, karibu na Muheza, iliyoanzishwa na Misheni ya Vyuo Vikuu vya Afrika ya Kati katika nusu ya pili ya karne ya 19.

Katika elimu ya tauhidi ya Kiashari, iliyoenea pamoja na madhehebu ya Shafii katika pwani nzima ya Bahari ya Hindi, mwanafunzi hufundishwa sifa 20 zilizo wajibu kwa Mwenyezi Mungu, zikianza na kuwako, kutokuwa na mwanzo na kubaki milele. Mpangilio huo ulienezwa hasa na risala fupi ya Muhammad bin Yusuf as-Sanusi wa Tlemcen, aliyefariki mwaka 1490. Katika nchi za Wamalei mafundisho hayo huitwa *sifat dua puluh*, maana yake ‘sifa 20’. Lakini ushahidi mkubwa kwa mwanaisimu haumo katika sifa hizo 20. Umo katika nyingine 20 zinazofuata, zile zilizo muhali, ambazo haziwezi kuwa za Mungu: kutokuwako, kushindwa, kutojua, na kadhalika. Hizo pia ni sifa. Mtoto aliyekaa chuoni akazihifadhi orodha zote mbili amejifunza kabla ya balehe kwamba *sifa* ni neno la kubainisha, na kwamba ujinga ni sifa sawa na ilivyo elimu. Kwake yeye kujua sifa za Mungu ni somo la kuhifadhi na kufahamu.

Hii ndiyo sababu wafasiri wa Kiislamu, wanapotaka kulieleza neno *hamd* la mwanzo wa Kurani, hawaridhiki na *sifa* tupu, bali huongeza *njema*. Ndivyo alivyofanya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy katika *Qurani Takatifu* yake ya mwaka 1969, na wengi wamemfuata. Kivumishi hicho si pambo la mtindo. Kama *sifa* peke yake ingetosha kuwa na maana ya maneno mema, *njema* ingekuwa maneno ya ziada; imewekwa kwa kuwa mfasiri anaandikia watu ambao kwao *sifa* bado haijaegemea upande wowote.

Mapokeo ya Kikristo yalianza pengine. Zaburi zilihitaji neno la kuamrisha watu wengi watoe sauti, na kitenzi *-sifu*, kilichokwisha kufungwa upande wa wema, kilifaa mno. Umbo *msifuni* likawa miongoni mwa maneno yanayotambulikana zaidi katika ibada ya Kiswahili, na Biblia ya muungano ya mwaka 1952 imelithibitisha. Kutoka katika kitenzi hicho nomino nayo ilivutwa: *kutoa sifa*, *kumpa Mungu sifa*, na siku hizi *kipindi cha kusifu na kuabudu*. Hapa *sifa* haihitaji *njema*. Ni kitu kinachotoka kinywani mwa mwenye kuabudu na kupelekwa juu.

Kwa hiyo kikundi cha maneno *sifa za Mungu* kina uhusiano wa aina mbili baina ya nomino na kiunganishi chake. Kwa msomi wa chuo, sifa ni *za* Mungu kwa sababu anazo. Kwa mwimbaji wa kanisa, ni *za* Mungu kwa sababu anapewa. Wakaao mtaa mmoja hupishana hapo bila kutambua, na mara nyingi hakuna madhara. Madhara huja pale kitabu cha kufundishia kinapotungwa na mtu wa upande mmoja kikasomwa na mtoto wa upande wa pili, au pale mfasiri anapolikuta neno hilo katika maandishi ya pwani na kulipeleka katika lugha nyingine kwa maana moja tu.

5.0 Kusifu Ana kwa Ana

Kitenzi *-sifu* kina upungufu mmoja wa kimatumizi. Mswahili anaweza kumwambia mwenzake *nakushukuru*, *nakupongeza*, *nakuomba radhi*, na kwa kusema hivyo akawa ametenda. *Nakusifu* ni sahihi kisarufi, lakini barazani halisemwi ila kwa nadra, na mara nyingi hufuatwa na *lakini*. Mahali pake ni katika dua, katika utenzi na katika mashairi ya kujibizana. Kwa binadamu aliye mbele ya macho hutumika *hongera*, *heko*, *umefanya vyema*. Kusifu hufanywa asipokuwapo msifiwa, na yeye huletewa habari: *leo umesifiwa kweli kweli*.

Sababu zake ni mbili, na zote zinafahamika kwa wenyeji. Ya kwanza ni ile ya mgema. Ya pili ni jicho. Anayemtazama mtoto mchanga na kusema kwamba ni mzuri, amenona, ana nywele nyingi, hutarajiwa kutanguliza au kufuatishia *mashaallah*; asipofanya hivyo, mama humfunika mtoto, na jina la husuda linaweza kutajwa mgeni akishaondoka. Kiisimu, *mashaallah* hapa ni kiungo cha lazima cha tendo la kusifu. Kazi yake ni kumwondoa msemaji katika nafasi ya mwenye kustaajabia kilicho cha mwenzake na kukirudisha kitu kwa aliyekiumba. Uchunguzi wa maneno ya kusifu usioitaja kauli hii umeacha nusu ya jambo nje.

Palipo na ngoma, harusi na taarabu masharti hayo hulegezwa, kwani hapo kuna mwimbaji aliyepewa idhini na kuna ala za kubeba lawama. Tanga ilikuwa na vikundi vya taarabu vilivyovuma pwani nzima katika miaka ya 1960 na 1970, hasa Black Star na Lucky Star, na watu waliozoea taarabu wanajua kwamba kumsifu mmoja katika ukumbi ni kumsema mwingine aliyekaa safu ya pili. Anayeinuka kumtuza mwimbaji hutangaza kwamba sifa ile ni yake, au kwamba kijembe kile si chake.

Kutokana na mazingira haya ndipo ilipokomaa maana ya lawama. Kama sifa ya haki ni ile inayotolewa na wengine, nyuma ya mgongo, kwa ushahidi, basi anayeitafuta mwenyewe amevunja kila sharti. *Anapenda sifa*, *kajitafutia sifa*, *zile ni sifa tu*: katika kauli hizi neno limefika mbali na *wasf* ya Waarabu. Mofolojia nayo imelifuata. Umbo *misifa* limeundwa kwa kuongeza kiambishi mi- cha ukubwa na kudunisha, kama katika *mijitu* na *mihasira*:

(6) Huyo ana misifa.
(7) Acha misifa yako.

Umbo hili halina umoja, halihesabiki, na haliwezi kuwa na maana ya kutambulisha wala ya kusifu. Kamati ya ajira haiwezi kuorodhesha misifa ya mwombaji. Ni neno ambalo lugha imejiundia ili mojawapo ya maana tatu za sentensi ya (1) ipate nyumba yake. Wahariri wa kamusi wanaoliacha kwa hoja kwamba ni la mitaani wanaacha ushahidi bora walio nao kwamba wazungumzaji wenyewe wameuona utata na wameanza kuutatua.

Wasomi nao wamefanya vivyo hivyo kwa njia yao. Istilahi *sifo*, inayotumika katika uainishaji wa tanzu za fasihi simulizi kwa tungo za kusifu kama vile vivugo na tondozi, imenyambuliwa kutoka katika *-sifu* kwa kiambishi -o. Kama nomino *sifa* ingelitosha, isingehitajika. Katika sarufi mambo yalikwenda kinyume cha hapo: *vivumishi vya sifa* ni istilahi iliyorudisha neno mikononi mwa wanasarufi wa Kiarabu, ingawa *kivumishi* chenyewe kimetoka katika *-vumisha*, yaani kulifanya jina la kitu lienee. Kwa hiyo *-baya*, *-ovu* na *-chafu*, kwa mujibu wa istilahi zetu, ni maneno ya kuvumisha na ya sifa. Wanafunzi hucheka wanapoonyeshwa jambo hili.

6.0 Wasifu na Tatizo la Kidahizo

Mtu wa Tanga ndiye aliyeliweka neno *wasifu* mbele ya macho ya wasomaji wengi. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, karibu na Machui, mwaka 1909, aliandika maisha ya mwimbaji wa Unguja na kuyaita *Wasifu wa Siti binti Saad*. Siti alikuwa amefariki mwaka 1950. Katika kulichagua jina hilo mwandishi alikuwa na maneno mengine ya kutosha: *habari*, *maisha*, *kisa*. Maisha yake yeye mwenyewe aliyaita *Maisha Yangu*, na hakuyaita wasifu wake. Tofauti hiyo inaendana na yaliyoelezwa katika sehemu ya 5.0. Neno lenye mzizi wa w-s-f lililingana na mtu anayeelezwa na mwingine. Kwa anayejieleza lingekaribia mno *-jisifu*. Haidaiwi hapa kwamba mwandishi aliyapima maneno hayo kwa mizani ya isimu. Inatosha kwamba sikio lake lilikuwa la pwani ile.

Tangu hapo *wasifu* limeenea. Husomwa mazishini, ambako maelezo ya maisha ya marehemu hayatarajiwi kuwa na baya, na hivyo neno la kueleza limevutwa tena upande wa kusifu. Limeingia pia katika *wasifukazi*, hati ambayo mwombaji huorodhesha elimu na uzoefu wake, na hapo limevutwa upande wa pili, wa masharti na vigezo. Mwombaji hutakiwa aziandike sifa zake mwenyewe, asijisifu, na kijana aliyelelewa Pangani au Mkwaja huona ugumu wa agizo hilo kuliko aliyelitunga.

Kwa mtunga kamusi, yote haya yana matokeo ya utendaji. Nomino *sifa* inafaa kuanza na maana ya kutambulisha, ikiambatana na mifano ya *kuwa na*, *kutimiza* na *kukosa*. Maana ya maneno mema ifuate, ikiambatana na *kutoa*, *kupewa* na *kumwagiwa*, pamoja na maelezo kwamba katika maandishi ya Kiislamu huongezewa *njema*. Kisha maana ya kujionyesha, ikiambatana na *kupenda* na *kutafuta*, na kielekezo cha kwenda *misifa*. Kitenzi *-sifu* kipewe kidahizo chake, na kisifafanuliwe kwa ‘kutaja sifa za mtu’, kwa kuwa fafanuzi hiyo ingeruhusu sentensi ya (3). *-Sifika* nayo haifai kuachwa chini ya *-sifu* kama mnyambuliko wa kawaida, maana imeyabeba mabaya ambayo kitenzi mama kimeyakataa.